Wenye Miguu Minane na Majani ya Mgagani

Mboga iitwayo mgagani, ambayo baadhi ya watu wa Pwani huiita mkabilishamsi, haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyelelewa shamba, kwa kuwa huota yenyewe penye samadi na majivu, kandokando ya mazizi na nyuma ya majiko, bila kupandwa wala kupaliliwa na mtu. Majani yake hukaa matano matano juu ya kikonyo kimoja, bua lake lina vinyweleo vyenye utomvu unaonata vidoleni, na harufu yake ni kali hata aliyeichuma asubuhi huendelea kuinusa mikononi mwake adhuhuri. Uchungu wake huwakimbiza watoto, lakini akina mama wa magharibi ya Kenya wanajua kuuvunja kwa kuichemsha na kuilaza katika maziwa mpaka kesho yake, na mwanamke aliyetoka uzazini aghalabu huwa wa kwanza kupakuliwa. Waganga wa mitishamba nao huyaponda majani hayo kwa maumivu ya kichwa na ya masikio. Jioni hii naomba ruhusa yenu niizungumzie mboga hii kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni uadui wake na kupe. Na kutoka kwa kupe ningependa twende pamoja hadi kwa jamaa zake wengine wa miguu minane, yaani utitiri na buibui, ambao tumezoea kuwahukumu wote hukumu moja ya kukanyagwa.

Mwaka 1992 wataalamu wa kupe waliokuwa wakifanya utafiti nchini Kenya walitangaza kwamba mahali mgagani ulipostawi, kupe hawakuonekana kwa umbali wa mita 2 hadi 5 kuuzunguka, na kwamba kupe waliowekwa pamoja na majani yake walitafuta njia ya kukimbia, na wachanga wao, waliponyimwa njia hiyo, wakafa. Ili kuithamini habari hii yapasa kumtazama kupe kwa karibu. Kupe wa kahawia, yule apendaye kujipachika ndani ya sikio la ng'ombe, hana mbawa za kumfuatia mnyama wala miguu ya kumkimbilia. Hivyo hupanda jani la nyasi mpaka nchani, akajishikilia kwa miguu ya nyuma, akainyosha ile ya mbele hewani, akangoja. Karibu na ncha ya kila mguu wa mbele ana kishimo kidogo mno chenye vinyweleo vya kunusia, na kwa kishimo hicho huitambua pumzi ya mnyama kabla mnyama hajafika. Alitoka katika yai akiwa na miguu sita tu, akanyonya mnyama wa kwanza akaanguka, akajivua gamba akawa na minane, akanyonya wa pili akaanguka tena, na alipokomaa akamtafuta wa tatu; na baina ya mlo mmoja na mwingine aweza kufunga miezi mingi. Kiumbe wa namna hii, ambaye riziki yake yote imo katika pua iliyo mguuni, akikutana na mmea unaompulizia harufu asiyoistahimili, huwa kama nahodha aliyenyang'anywa dira.

Wanakemia waliokamua mafuta ya mgagani walikuta ndani yake kemikali iitwayo karvakroli, na majani mabichi hutoa mvuke mkali wenye nasaba na ule wa haradali. Namna ya kupima nguvu ya mafuta hayo ni nyepesi kueleweka: maadamu kupe ana tabia ya kupanda, husimamishiwa kijiti chenye karatasi iliyotiwa mafuta, na mtafiti hutazama kama atapita juu yake au atageuka na kushuka.

Msikilizaji asiyefuga aweza kuuliza kuna haja gani wasomi kukaa kutwa wakimtazama kupe akipanda na kushuka kijiti. Jawabu ni ndigana kali. Maradhi haya, yasababishwayo na kijidudu kiitwacho Theileria parva, huanza kwa uvimbe wa tezi chini ya sikio, karibu na pale kupe alipouma, kisha homa, kisha mapafu kujaa maji hata ng'ombe akafa na povu puani. Na ng'ombe wa kizungu wa maziwa, ambaye mtu wa hali ya chini huwa amekopa fedha ili amnunue, ndiye awahiye kufa. Wataalamu wa Ulaya waliyatambua mwanzoni mwa karne ya 20, pale ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu walipoyafikisha kusini mwa Afrika, ambako mifugo ilikuwa imeteketezwa na sotoka, na ndiyo maana kwa lugha zao maradhi yakapewa jina la pwani hii. Robert Koch mwenyewe aliitwa kuyachunguza, lakini ni Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Cape, aliyethibitisha kuwa mbebaji ni kupe wa kahawia. Tangu hapo tegemeo likawa josho: kwanza aseniki, kisha dawa za jamaa ya DDT, kisha nyingine na nyingine, kila moja ikisifiwa ilipoingia, na kila moja ikizoewa na kupe baada ya muda, ilhali maji ya josho yakimwagwa yakateremka mpaka mtoni. Chanjo iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi, imeokoa mifugo mingi, nami naiheshimu sana. Illa huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni kimiminika, na si kila mfugaji wa ndanindani anayefikiwa na baridi hiyo.

Mgagani hautaiondoa ndigana peke yake, wala sisemi hivyo. Ninachokishikilia ni kwamba dawa iuayo kila kitambaacho haina hekima, kwa sababu miongoni mwa vitambaavyo wamo walinzi wetu, na mlinzi aghalabu hufa wa kwanza na kurudi wa mwisho. Na kwamba mmea ufukuzao, ambao humsukuma adui kando bila kuwafyeka walio karibu naye, unastahili kuchunguzwa kwa bidii ile ile itumiwayo kutafuta sumu mpya. Ushahidi wangu ni utitiri mwekundu.

Hawa, ambao wakulima wa nyanya huwaita pia buibui wekundu kwa sababu ya nyuzi wanazotanda chini ya majani, hawazidi nusu milimita kwa urefu. Ukimweka mmoja chini ya kioo cha kukuzia utaona mwili wa mviringo unaopenyeza nuru, madoa mawili meusi mgongoni, na mdomo mfano wa sindano anaouchoma katika chembe moja ya jani, akaifyonza ikabaki tupu, akaenda ya pili na ya tatu, mpaka jani likatapakaa vidoa vyeupe na kukauka. Penye joto hukomaa kwa muda wa wiki moja hivi tangu yai. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hakuhesabiwa miongoni mwa maadui wakubwa wa bustani za matunda za Ulaya na Marekani; ilipokuja DDT ikamiminwa mitini, ikawaangamiza wadudu na utitiri wengine waliokuwa wakimla, naye asidhurike nayo sana, akazaana bila wa kumzuia. Basi sumu iliyonunuliwa ili kuokoa matunda ndiyo iliyomtawaza. Leo amekwisha kuzizoea sumu za aina zaidi ya 90, na ni vigumu kumtaja mdudu mwingine wa shambani aliyemzidi katika uhodari huo.

Kenya, kama mjuavyo, hupeleka Ulaya mawaridi kwa ndege kila siku, na bustani zake kubwa zi kandokando ya Ziwa Naivasha; na waridi ni chakula kitamu cha utitiri huyu. Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya majaribio ambayo mgagani ulipandwa baina ya mistari ya mawaridi, utitiri wakapungua, na maua yasipungue wingi wala uzuri. Mboga ya nyuma ya jiko ikasimama ulinzi katika bustani ya biashara ya kimataifa! Fauka ya hayo, wakulima wengi wa mawaridi sasa hununua utitiri wa aina nyingine, Phytoseiulus persimilis, mwekundu wa rangi ya chungwa na mwepesi wa mbio, wakamnyunyiza juu ya majani ili amwinde mwenzake. Na aliyekwisha kumnunua mlinzi huyo kwa fedha yake hujifunza upesi kuwa mchache wa kupulizia sumu.

Habari ya muhogo naipenda zaidi, kwa kuwa haikuhusu maua ya karamu bali chakula cha akiba cha nyumba za mafukara. Mwaka 1971 alionekana Uganda utitiri wa kijani, Mononychellus tanajoa, ambaye asili yake ni Marekani ya Kusini, huko huko ulikotoka muhogo wenyewe, na haikupita miaka ishirini kabla hajaenea takriban ukanda wote wa muhogo barani, akichukuliwa na upepo na kwa vijiti vya mbegu wapeanavyo majirani kwa wema wao. Hushambulia machipukizi, yakadumaa na kujikunja, na katika kiangazi kikali huuacha mti umesimama bua tupu. Nani angempulizia dawa? Mlima muhogo hana fedha ya dawa. Lau angekuwa nayo asingelima muhogo peke yake. Basi wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, hawakumtafutia sumu, bali walirudi alikotoka wakauliza kwao ni nani amzuiaye, na miongoni mwa waliopatikana alikuwamo utitiri mwindaji kutoka Brazil, Typhlodromalus aripo, ambaye aliachiliwa Benin mwaka 1993, na kutoka huko akaenezwa na kuenea mwenyewe katika nchi nyingi, hata huku kwetu Afrika Mashariki.

Mwenendo wake ni wa ajabu, nao ndio uliompa ushindi. Mchana hujificha ndani ya kilele cha mmea, pale majani machanga yalipokunjana bado, na usiku hushuka majanini kuwinda. Na windo likiadimika hafi njaa wala hahami, kwa kuwa hujikimu kwa chavua na kwa utomvu wa mmea. Hupenda muhogo wenye vilele vya manyoya kuliko wenye vilele vitupu. Sasa nifikirieni, enyi mabibi na mabwana, kisamvu huchumwa wapi? Huchumwa kileleni, tena majani yale yale machanga na laini. Sisemi watu waache kisamvu, kwani mimi mwenyewe sina mboga niipendayo zaidi ya kisamvu cha nazi. Ila nasema mwenye shamba la muhogo lililovamiwa na utitiri wa kijani afanya vyema akichuma upande mmoja na kuuacha upande wa pili na vilele vyake, maana anapovunja kilele cha mchana huenda anamtia mlinzi wake kinuni.

Nimefika kwa buibui. Wazee wengi wa Kiislamu wa pwani hawapendi auawe, kwa heshima ya riwaya mashuhuri ya utando uliofunika mlango wa pango la Thaur wakati Mtume, rehema na amani zimshukie, na sahibu yake Abubakar walipojihifadhi humo katika safari ya Hijra. Adabu hiyo ni njema, na elimu ya wanyama imeipatia sababu ya ziada. Katika Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, iko stesheni ya utafiti ya ICIPE, kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 kwa juhudi za Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma Cambridge na kuamini, pale wachache walipoamini, kwamba Mwafrika aweza kufanya sayansi ya kiwango cha juu kabisa katika nchi yake mwenyewe. Huko ndiko alikochunguzwa kwa miaka mingi, na wataalamu wa Kenya pamoja na wenzao kutoka New Zealand, buibui mdogo aitwaye Evarcha culicivora, wa milimita 5 hivi, ambaye hatandi utando wa kunasia bali huwinda kwa macho, akinyemelea na kuruka. Hukaa katika nyasi za jirani na nyumba, na kutani ndani ya nyumba.

Ana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa na makali ajabu kwa mwili mdogo kama ule. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2005 alipewa hiari baina ya mbu aliyeshiba damu, mbu asiyekunywa damu, na vidudu vingine vya ziwani, naye akamchagua mwenye damu. Akizuiwa asione, akamchagua kwa harufu. Akizuiwa asinuse, akamchagua kwa macho. Tena huwapendelea mbu wa Anofelesi, ndio wabebao malaria, na watoto wake wachanga humtambua Anofelesi kwa ile alama tunayofundishwa shuleni, yaani namna atuavyo na kuinua tumbo juu, na kwa kuwa mbu ni mkubwa kuliko wao, humzungukia na kumvamia kutoka chini ya tumbo hilo lililoinuka. Buibui hana mdomo wa kutoboa ngozi yetu apate damu; huipata kwa kumla aliyekwisha kuichukua. Watafiti waligundua baadaye kwamba hata harufu ya soksi iliyovaliwa na mtu humvuta, pengine kwa sababu penye mtu pana mbu.

Na mimea je? Hapa ndipo mambo yanapokutana kwa namna iliyonistaajabisha kuliko yote. Buibui huyu, mla nyama wa kufa na kupona, huvutwa na harufu ya mimea miwili iliyo ya kawaida katika viambo vya ziwani: mmoja ni lantana, kichaka cha maua ya rangi nyingi kilicholetwa kutoka Marekani ya joto, na wa pili ni mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, wenye mafuta yaliyotumiwa na mababu kuharisha tumbo na kupaka ngozi. Hunywa asali ya mimea hiyo. Mbu wa malaria naye, ambaye si damu peke yake aishiyo kwayo, ameonekana Mbita kuupenda mbarika miongoni mwa mimea anayofyonza utamu wake. Basi katika mmea mmoja uliosimama nyuma ya nyumba, mmea ambao mwenye nyumba huujua kwa mafuta yake tu, hukutana mwindaji na windo, na hakuna aliyelijua hilo mpaka watu walipokubali kukaa na kutazama. Si kwamba buibui ataimaliza malaria. Chandarua kitandani na dawa ya hospitali ni lazima pale pale. Lakini nyumba inayomwacha buibui wa ukutani ina msaidizi asiyelipwa, na hiyo ni faida isiyofaa kufagiliwa.

Nimezitaja dawa za miti mara kadhaa, na ingekuwa hatari kuondoka bila neno la hadhari, kwani wako wanaozidharau zote kwa kuwa ni za wazee, na wako wanaozisadiki zote kwa sababu hiyo hiyo, na makundi haya mawili yananihuzunisha sawasawa. Utupa, unaoogeshewa mifugo dhidi ya kupe katika sehemu kadhaa za bara letu, ndio ule ule wa kuvulia samaki kwa sumu, na mwenye kuosha ndoo yake kijitoni baada ya kuogesha ng'ombe huwaua samaki wa jirani zake. Mbegu ya mbarika, ambayo mafuta yake yaliyosafishwa ni tiba, yenyewe ikitafunwa yaweza kuua mtoto. Mganga mjuzi anazijua hadhari hizi. Mwenye kumwiga mganga bila kumwuliza hazijui. Ndiyo maana kilipoanzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974, kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi kamili, kazi yake haikuweza kuwa maabara peke yake. Ilibidi waganga waendewe walipo na kusikilizwa.

Na kusikiliza kuna kanuni zake. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani katika Usambara, alipotoa mwaka 1937 kamusi yake ya majina ya Kiswahili ya mimea, aliwarahisishia kazi wote waliofuata, kwa sababu jina bila mmea huyumba: mti mmoja una jina hili Tanga na jina lile Lamu, na jina moja hushirikiwa na miti mitatu. Kwa hiyo, wewe kijana uliye na bibi ajuaye majani ya kufukuzia kupe mazizini au utitiri katika viota vya kuku, kata tawi lenye maua, na ikiwezekana lenye tunda, lilaze baina ya karatasi za gazeti chini ya kitu kizito, badilisha karatasi kila siku mpaka likauke, kisha uandike jina alitajalo bibi kama alitamkavyo, mahali ulipolikata, mwezi, sehemu itumiwayo, namna ya kuitengeneza, na hadhari alizokupa. Katika hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika ile ya Afrika Mashariki iliyo katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, wapo watu wa kulitambua. Na mwulize bibi kama aridhia jina lake liandikwe juu ya karatasi ile. Akiridhia, liandike kamili, ubini na kijiji, na usikubali lifutwe taarifa itakapochapishwa.